Mchanga Mweusi wa Upare: Tarikhi ya Chuma na Maji Katika Milima ya Ngujini

Mvua kubwa ya masika ikisha kupita katika milima ya Upare wa Kaskazini, na vijito vilivyofura vikaanza kurudi katika njia zao za kawaida, mtu mwenye kuangalia kwa makini huona katika mapinda ya vijito hivyo, mahali ambapo maji hupunguza mwendo, michirizi ya mchanga mweusi iliyolala juu ya mchanga mweupe. Watoto waendao shule huiruka michirizi hiyo bila ya kuijali, wala si ajabu, kwani ni wachache waliopata kuambiwa kuwa mchanga wa namna hiyo ndio uliowapa mababu wa nchi hii majembe yao, mikuki yao, na kwa zama fulani hata dola yao. Ngujini ni mojawapo ya kata za wilaya ya Mwanga, katika safu ile ile yenye Usangi, Kilomeni na Ugweno. Na hadi mwaka 1979, nchi hii ilipogawanywa, Mwanga na Same zilikuwa wilaya moja kwa jina la Pare. Nia yangu ni kuieleza tarikhi ya mchanga huo, na ya maji yaliyouchukua, kwa kuwa naamini kwamba mwanafunzi wa Upare anayefunzwa elimu ya ardhi na fizikia kwa mifano ya nchi za mbali ananyimwa sehemu ya urithi wake.

Yafaa kwanza tujue mchanga unatoka wapi. Watu wengi, wasomi wakiwamo, huidhani milima ya Upare kuwa ndugu wa Kilimanjaro, kwa sababu siku ya mbingu safi kilele cha Kibo huonekana kutoka Upare kikiwa na theluji yake; walakini kwa nasaba ya mawe milima hii haina udugu hata kidogo. Kilimanjaro ni mlima wa volkeno, uliojengwa kwa miamba iliyotoka ardhini ikiwa imeyeyuka, na umri wake haufiki miaka milioni 3. Upare ni nchi ya miamba geu, iliyopikwa kwa joto na kukandamizwa kwa uzito wa ardhi yenyewe, chini sana ya uso wa dunia, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, wakati vipande vya mabara vilipogongana na kushikamana. Kisha, baada ya dahari nyingi, ardhi ikapasuka kwa mipasuko mirefu, pande moja likapanda na jingine likabaki chini, hata ikasimama safu inayoanzia Taita nchini Kenya, ikapita Upare na Usambara, ikaendelea Nguru na Uluguru, ikaishia Udzungwa. Kindoroko, kilele kirefu kuliko vyote katika Upare wa Kaskazini, kina zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na Shengena, ulioko upande wa Same, unapita mita 2,400. Lakini mtu asipimie ukubwa wa milima hii kwa urefu peke yake, maana yote ilikuwa ya kale sana kabla Kibo haujatoa moshi wa kwanza.

Ndani ya miamba hiyo mmetapakaa chembe ndogo za magnetaiti, madini meusi ambayo ni chuma kilichoshikamana na oksijeni. Mwamba, ijapokuwa watu huutolea mfano wa ugumu, haustahimili milele: jua huupasha moto mchana na usiku huupoza, maji ya mvua yenye asidi dhaifu hupenya katika nyufa zake na kuula taratibu, mizizi ya miti huupanua, hata ukawa udongo mwekundu tuujuao. Magnetaiti haiyeyushwi upesi na maji kama madini mengine mengi, basi hubaki ikiwa nzima wakati wenzake wamekwisha kuoza, na mvua inapoikokota kuipeleka vijitoni huanza kazi ya pili, nayo ni kazi ya uzito. Punje ya mchanga mweupe ina uzito wa takriban mara 2.65 ya maji ya ujazo ule ule, ilhali punje ya magnetaiti ina uzito wa mara 5 na zaidi. Kwa hiyo maji yanapopinda na kupunguza nguvu, nyeusi hutua kwanza na nyeupe huendelea na safari. Mto wenyewe, bila mkono wa mtu, huchambua kile ambacho mlima ulikuwa umekichanganya.

Wahunzi wa Upare waliiona kazi hiyo ya mto wakaikamilisha. Walichota mchanga mweusi, wakautia katika chombo kipana pamoja na maji, wakauzungusha na kuutikisa kwa mkono mwepesi ili kilicho chepesi kipande juu na kumwagika, na kilicho kizito kibaki chini, kama vile mpishi anavyoosha mchele wenye mawe, isipokuwa kwamba mhunzi alilitaka jiwe na mpishi hutaka mchele. Naomba msomaji asipite hapa kwa haraka. Mtu anayezungusha chombo hicho anapambanua vitu viwili vilivyo sawa kwa ukubwa na mbalimbali kwa uzito. Kitabu cha shule huliita jambo hilo densiti, na humpa mwanafunzi kipande cha shaba na kipande cha mbao cha kupimia, hali mchanga wa kijito kilicho nyuma ya darasa ungemfundisha jambo lile lile kwa dakika chache, tena kwa kitu kilichokuwa na thamani kwa watu wake.

Baada ya kuoshwa, mchanga ulikwenda katika tanuri. Hapa ndipo penye ustadi wenyewe, na ndipo ninapotaka tukae kitambo. Kuni haziwezi kuyeyusha madini, kwa maana sehemu kubwa ya joto lake hupotea katika kukausha maji na kutoa moshi. Kwa hiyo miti migumu ilichomwa kwanza katika hewa haba ikawa makaa, yaani kaboni takriban tupu. Makaa yalijazwa katika tanuri, mivukuto ya ngozi ya mbuzi ikaunganishwa nayo kwa mabomba ya udongo, na wavukutaji wakaanza kazi, mkono mmoja ukinyanyua na mwingine ukikandamiza, zamu kwa zamu bila kukoma, ili pumzi iingiayo isikatike. Maana hewa ikikatika joto hushuka, na joto likishuka kazi ya nusu siku huharibika. Mchanga haukuweza kumiminwa kwa wingi wakati mmoja, kwani mchanga laini huziba nafasi zilizo baina ya vipande vya makaa, njia ya hewa ikafungika na moto ukafa. Sharti ulikuwa kuunyunyiza kidogo kidogo, na kuongeza makaa juu yake, na kunyunyiza tena.

Ndani ya moto huo makaa huungua kwa upungufu wa hewa na kutoa gesi ya kaboni monoksaidi, gesi yenye uchu mkubwa wa oksijeni, ambayo ikikutana na magnetaiti huinyang'anya oksijeni yake na kukiacha chuma peke yake. Watu wengi hudhani kuwa chuma kiliyeyuka kikamiminika kama maji. Haikuwa hivyo. Chuma safi huyeyuka kwa nyuzi 1,538 za Selsiasi, na matanuri ya namna hii hayakuwa na haja ya kufika huko. Takriban nyuzi 1,200 zilitosha, kwa sababu katika joto hilo uchafu wa mchanga pamoja na sehemu ya madini huyeyuka na kutengana, na chuma hukusanyika katika hali ya donge lenye matundu matundu, gumu nusu na laini nusu. Donge hilo likitolewa lingali jekundu hupigwa juu ya fuawe, likarudishwa motoni, likapigwa tena, mpaka uchafu mwingi uliobaki ukaminywa ukatoka, na chuma kikashikamana tayari kwa kufuliwa jembe. Kilichotengana na chuma kilipopoa kiligeuka mavi ya chuma, vipande vyeusi, vizito, vyenye kung'aa mahali pengine mithili ya kioo, ambavyo haviozi wala havina wa kuviiba. Na kwa sababu hiyo ndivyo mashahidi wetu waaminifu kuliko wote. Knut Odner, mtafiti wa mambo ya kale, alichapisha mwaka 1971 habari za uchimbaji alioufanya katika eneo la hospitali ya Usangi na mahali pengine katika milima hii. Na mwaka 2018 Louise Iles na wenzake walitoa uchunguzi uliohusu hasa ufuaji wa chuma wa Upare wa Kaskazini, wakiyasoma mavi ya chuma kama mtu asomavyo daftari la hesabu, maana kila kipande huhifadhi ndani yake habari za mchanga ulioingia na joto lililoupika.

Waliokuwa na elimu hii walikuwa watu wa ukoo wa Washana. Mapokeo ya Ugweno, kama alivyoyakusanya Profesa Isaria Kimambo katika kitabu chake cha tarikhi ya siasa ya Wapare kilichochapishwa mwaka 1969, yanasema kwamba Washana ndio waliotawala Ugweno hapo kale, na kwamba utawala wao ulikuja kuangushwa na ukoo wa Wasuya chini ya uongozi wa Angovi, ambaye mwanawe Mranga aliutengeneza upya utawala kwa mabaraza na taratibu zilizoifanya Ugweno kuwa dola yenye nguvu kupita jirani zake. Kwa watu wa kawaida si neno la kushangaza kwamba wahunzi walikuwa watawala. Asiye na jembe hawezi kuulima mteremko wenye mawe, asiye na shoka hawezi kufyeka msitu, asiye na mkuki hawezi kulinda ng'ombe wake. Basi mwenye kushika chuma amekwisha kumshika mkulima, na mchungaji, na askari. La kuzingatia zaidi ni kwamba Wasuya, walipoutwaa utawala, hawakuweza kuutwaa ufundi. Washana waliendelea kufua, wakaendelea kuheshimiwa na kuogopwa, na laana ya mhunzi ikabaki kuwa jambo ambalo hakuna mtu mwenye akili zake aliyetaka kulichokoza.

Sifa ya chuma cha Upare ilivuka mipaka. Wachaga, ambao mlima wao wa volkeno uliwapa udongo wenye rutuba nyingi lakini haukuwapa mchanga wa namna hii wa kutegemea, walipata chuma chao kutoka Ugweno, na wahunzi wa Uchaga wakakifua kwa mitindo yao. Hivyo tofauti ya nasaba baina ya milima miwili, ambayo nimeieleza hapo juu, haikuwa jambo la wanajiolojia peke yao, bali ilikuwa msingi wa biashara. Mlima mmoja ulikuwa na ndizi na mifugo, mwingine ulikuwa na chuma, na watu wakapita njiani.

Mambo yalibadilika wakati misafara ya Pangani ilipozoea kupanda bondeni kwa ajili ya pembe, ikileta nguo, shanga na masango, nyuzi nene za chuma kutoka ng'ambo, ambazo mhunzi aliweza kuzifua bila ya kuosha mchanga wala kuchoma makaa. Kisha ikaja reli ya Wajerumani kutoka Tanga, ikafika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911, ikipita chini ya milima hii hii, na pamoja nayo majembe ya viwandani ambayo bei yake haikuweza kushindwa na kazi ya mikono. Ufuaji uliendelea kwa vyuma chakavu; matanuri yakapoa. Wako wanaolaumu reli na biashara peke yake, nami sikatai kwamba lawama hiyo ina haki yake. Lakini sababu nyingine ilikuwa ndani ya ufundi wenyewe. Elimu ya tanuri ilifungwa kwa miiko na viapo, ikarithishwa baba kwa mwana ndani ya ukoo, na haikuandikwa. Siri hiyo iliilinda bei ya chuma kwa karne kadhaa, ila siku ambayo bei ilianguka hapakuwa na mtu wa nje ya kiwanda aliyejua kiasi cha makaa, wala urefu wa bomba, wala rangi ya moto inayoashiria kuwa donge limeiva. Elimu ikafa pamoja na soko lake.

Elimu ya maji haikupatwa na msiba huo, na nadhani ni kwa sababu ilikuwa mali ya watu wengi. Katika Upare mzima, Kaskazini na Kusini, watu walichimba mifereji kutoka kwenye chemchemi na vijito, na juu ya mashamba yao wakajenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya udongo na mawe, ambayo hukusanya maji usiku na kufunguliwa asubuhi. Aliyeyatazama mabwawa hayo kwa haraka hudhani ni akiba tu. Lakini kuna hesabu ndani yake. Tuchukue mfano wa kijito chembamba kinachotoa nusu lita kwa sekunde. Maji hayo yakiachiwa mferejini jinsi yalivyo, udongo mkavu huyanywa njiani, na yule mwenye shamba la mwisho haoni hata tone. Yakikusanywa kwa saa 12 za usiku yanakuwa lita 21,600. Na yakifunguliwa yote kwa muda wa saa moja, mfereji unapokea lita 6 kwa sekunde, mara 12 ya nguvu ya kijito, na kasi yake huyafikisha mbali kabla udongo haujapata wasaa wa kuyameza. Maji ni yale yale, hayakuongezwa hata kikombe. Kilichobadilishwa ni muda wa kuyatumia.

Alfajiri, mwenye zamu anapoondoa kizibo, maji hutoka kwa mshindo, na kadiri ndiva inavyopungua ndivyo mshindo unavyolegea mpaka yakawa ya kutiririka tu. Evangelista Torricelli, mwanafunzi wa Galileo huko Italia, alionyesha katika karne ya 17 kwamba kasi ya maji yatokayo tunduni hufuata kina cha maji yaliyo juu ya tundu: kina cha mita 1 hutoa kasi ya mita 4.4 hivi kwa sekunde, na ili kasi iwe maradufu sharti kina kiwe mara nne. Simaanishi kwamba wazee wa Upare walikuwa na kanuni ya Torricelli. Kudai hivyo ni kuwasifu kwa sifa isiyo yao, na wao hawana haja nayo. Walichokuwa nacho ni uzoefu uliopimwa kwa mavuno, mwaka baada ya mwaka, na mtu aliyekosea katika kupima alilala na njaa. Kanuni ya kitabuni hueleza kwa nini. Kazi ya wazee huonyesha kuwa ndivyo. Mwanafunzi anayahitaji yote mawili.

Haja ya ndiva yenyewe ni somo la hali ya hewa. Pepo za kusi huja na unyevu wa Bahari ya Hindi, zikagonga milima, zikalazimika kupanda. Na hewa inayopanda hupoa, ikapoteza uwezo wa kubeba mvuke, mvua ikanyesha juu na upande wa mashariki. Zinaposhuka upande wa pili zimekwisha kukauka, na ndiyo maana nyanda za Same na Mwanga ni nchi za miiba, mkonge na vumbi, ilhali mtu akitazama juu anaona migomba. Joto nalo hupungua kwa wastani wa nyuzi 6 na nusu kila mita 1,000, na kwa sababu hiyo hiyo theluji hukaa Kibo karibu na mstari wa ikweta. Johannes Rebmann alipoiona mwaka 1848 na kuiandika, mabingwa wa jiografia waliokuwa wamekaa Ulaya walimkadhibisha, wakisema jambo hilo haliwezekani; ikambidi dunia ingoje Karl Klaus von der Decken na mwanajiolojia Richard Thornton wafike mwaka 1861 ndipo wengi wakaanza kusadiki. Watu wa Upare walikuwa wakiitazama theluji hiyo kila kulipokucha.

Kuna shutuma moja ambayo ni haki ijibiwe. Husemwa kwamba wahunzi na makaa yao ndio walioivua milima nguo zake za miti, na ndio asili ya mmomonyoko tunaouona leo. Uchunguzi wa udongo uliokokotwa na maji ukarundikana mabondeni mwa Upare wa Kaskazini, kazi aliyoifanya Matthias Heckmann, unaonyesha kuwa mmomonyoko uliosababishwa na matumizi ya ardhi ulianza takriban miaka 2,000 iliyopita, na historia yake ina wakulima, wafua chuma na misafara pamoja. Mhunzi ana fungu lake katika deni hilo, wala haifai kulificha. Lakini anayembebesha deni lote anamsahau mkulima, na anatusahau sisi tunaolima miteremko ile ile sasa.

Tanzania imewafundisha watoto wake wa shule za msingi kwa Kiswahili tangu mwaka 1967, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Kwa hiyo hatuna tena udhuru kwamba maneno hayapo. Maneno yapo, mawe yapo, maji yapo. Nawaomba walimu wa sayansi wa Ngujini, na wa kata zote za milima hii, wawatoe wanafunzi darasani siku moja baada ya mvua, wawape sumaku iliyotolewa katika spika mbovu ya redio, waifunge katika kipande cha plastiki, na kuipitisha juu ya mchanga mweusi wa kijito ili waione magnetaiti ikiruka na kung'ang'ania. Wawapeleke kwenye ndiva pamoja na mzee anayeijua zamu ya maji, wapime kina chake kwa fimbo na muda wake kwa saa, kisha wakokotoe. Wachemshe maji na kutia kipimajoto, waone kwamba hayafiki nyuzi 100, maana kila mita 300 za kupanda hupunguza kiasi cha nyuzi 1, ndiyo sababu maharage ya mlimani hukawia kuiva.

Na mtu yeyote anayelima akakuta vipande vya mavi ya chuma, au bomba la udongo lililoungua, nasihi yangu ni kwamba asivitupe korongoni wala asivihamishe, bali aviache vilivyo, aandike mahali alipoviona, na ampashe habari ofisa utamaduni wa wilaya. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na mengi ya matanuri haya ni ya kabla ya hapo.